Msabato wa Jumamosi Moja

Nilifika Nyamira nikiwa nimelalia kompyuta. Hapakuwa na mahali pengine pa kulala. Lori lilikuwa limetoka Changamwe na shehena ya mashine kuukuu, zile za vioo vizito vyenye migongo kama ya kobe, na kwa kuwa ni mimi niliyezisafisha na kuzifunga kwa magodoro ya mitumba, tajiri aliniambia nizisindikize mpaka zinakokwenda, ili zikivunjika ajue wa kumlaumu. Dereva alikuwa Athumani, mtu wa Kwale ambaye hakuwahi kupita Nairobi maishani mwake. Kila tulipouliza njia tuliambiwa twende mbele. Tulikwenda mbele hadi Narok, mbele hadi Bomet, mbele hadi Sotik, na kila mbele ilikuwa baridi kuliko nyuma. Nilikuwa na shati la mikono mifupi. Nilifungua godoro moja nikajifunika, na kioo kimoja kikafika na ufa kwa sababu hiyo.

Keroka mvua ilitukamata na lori likazama kwenye tope karibu na soko. Watu walikuja kusukuma bila kuitwa. Walisukuma kwa kelele na matusi ya kirafiki, kisha mmoja akauliza tumebeba nini. Athumani akasema ni kompyuta za chuo. Wakaanza kusukuma kwa adabu, kama wanasukuma gari la maharusi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alinipa mbili na kuniambia, "Mwende pole pole, hizo ni za watoto wetu." Nikasema moyoni, hapa nitakaa kidogo.

Mimi ni mtu wa Taveta niliyemaliza kidato cha nne Voi, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali. Nilikata mkonge Mwatate, nikabeba chumvi Gongoni, nikawasha na kuzima mashine za saiba moja ya intaneti Mtwapa, ambako mteja alisahau kitabu cha kuandika programu na mimi nikakisoma chote kwa kukosa kingine. Miguu yangu ina wazimu wake. Lakini Nyamira nilikaa ujana wangu wote, na ndiyo maana nawaandikia nyinyi mnaoshika maabara za vyuo vidogo baada yetu. Wengine huagwa kwa keki na hotuba. Mimi niliagwa kwa kukabidhi ufunguo. Naandika haya nikiwa Voi, bado na hasira, kwa hiyo mtanisamehe pale itakapoonekana.

Chuo chetu, ambacho jina lake naliacha, kilikuwa orofa ya kwanza juu ya duka la mabati na misumari. Siku ya kwanza nilipandisha mashine zile kwa ngazi nyembamba, huku mkuu wa chuo, Bwana Morara, akisimama chini na kusema "pole pole" bila kushika kitu. Alikuwa mtu mnene mpole wa sauti, mwenye tai hata Jumapili. Athumani alitaka kugeuza lori siku ileile. Mkuu akaniuliza kama naweza kubaki wiki moja ili nimwonyeshe mtu wake namna ya kuziwasha. Huyo mtu wake hakutokea kamwe. Sidhani alikuwepo.

Jambo la kwanza mnalopaswa kujua kuhusu kazi hii katika nchi ya mvua ni viatu. Vumbi la Gusii ni jekundu na jepesi, na tope lake likikauka huwa vumbi tena. Linaingia ndani ya mashine na kukaa kwenye feni kama sufi. Kwa hiyo niliweka sheria: hakuna kiatu ndani ya maabara. Mlangoni palikuwa na rundo la gambuti kila asubuhi, na wanafunzi wakaingia na soksi, wengine soksi zenye matundu, wakifichana vidole chini ya meza. Jambo la pili ni kifutio cha penseli. Mashine ikilia na kukataa kuwaka, usikimbilie kununua kitu. Fungua, toa kile kibao kidogo cha kumbukumbu, sugua meno yake ya shaba kwa kifutio, pulizia, rudisha. Nimefufua mashine nyingi kwa kifutio kuliko kwa kipuri chochote. Bisibisi yangu ilikuwa moja, yenye sumaku kwenye ncha, na mlango wa maabara niliuzuia kwa kiboko cha jiwe la Tabaka kilichovunjika mguu, ambacho mchongaji alinipa kwa sababu hakingeuzika. Hivyo ndivyo vyombo vyangu. Vyote vilienea kwenye mfuko mmoja.

Chombo cha nne hakikuenea mfukoni. Nyuma ya maabara, huko uani chini ya paa la bati, palikuwa na jenereta iliyonunuliwa kutoka kwa kinu cha mahindi kilichofungwa huko Ekerenyo. Ilikuwa na tabia zake. Ukiivuta kamba kwa nguvu mara moja, ilikuwa ikinuna na kulowa mafuta, halafu haiwaki tena mpaka ikauke. Ilitaka ufungue hewa nusu, uvute kwa utaratibu mara mbili bila kutarajia kitu, ufunge hewa, uweke goti kwenye tangi ili lisitikisike, ndipo uvute ya kweli. Niliwaonyesha walinzi, niliwaonyesha walimu. Kila mmoja alisema ameelewa, na kila mmoja aliivuta kwa nguvu mara moja. Mwishowe wakaacha kujaribu. Radi ikipiga na stima kupotea, na kule radi hupiga karibu kila alasiri ya masika, mtu aliita tu, "Fundi!" nami nikaenda.

Kufundisha kulinijia hivyohivyo, kwa kuitwa. Mwalimu wa kozi fupi ya kompyuta aliacha kazi katikati ya muhula, mkuu akasema nishike darasa mpaka apatikane mwingine. Hakutafutwa mwingine. Tangu siku hiyo nikawa na majina mawili: mbele ya wageni Bwana Morara aliniita Mwalimu, na wageni wakiondoka nikawa Fundi.

Darasa langu la kwanza la kuandika programu lilikufa mikononi mwangu. Nilisoma mifano ya kitabu kile cha Mtwapa, ya benki na viwanja vya ndege, na vijana wakanitazama kwa heshima tupu. Siku ya tatu nilikata tamaa nikawauliza wao wanajua kazi gani. Kuchuma chai, wakasema. Basi mwambieni mtu asiyejua chochote namna ya kuchuma chai, hatua kwa hatua, na yeye atafanya mnachosema tu, si mnachotaka. Tuliandika ubaoni: rudia mpaka kikapu kijae, ikiwa ni majani mawili na chipukizi, chuma, la sivyo, ruka. Msichana mmoja wa nyuma, Gesare, mtoto wa mkulima wa chai huko Ekerenyo, akainua mkono.

"Mwalimu, na kichaka kikiisha kabla kikapu kijae?"

Nikatazama ubao. Mtu wetu angesimama mbele ya kichaka kisicho na kitu mpaka kiyama. Darasa zima likacheka, na mimi nikajua wameelewa, kwa sababu waliona kosa ambalo sikuwafundisha. Miaka yote iliyofuata nilianza na chai. Sijui sasa wanaanza na nini.

Nilikuwa nimezeeka kidogo katika kazi hiyo wakati amri ilipokuja kwamba hakuna mtu kufundisha katika chuo bila karatasi ya kiwango cha chuo. Cheti cha kidato cha nne hakikutosha. Bwana Morara aliniita ofisini, akanipa chai, jambo lililonitia hofu. Akasema njia ipo. Kilikuwepo cheti kifupi chenye masomo matatu: utangulizi wa uhasibu, uchumi wa taifa na misingi ya kuandika programu. Nikipita yote matatu kabla ya mwisho wa muhula uliowekwa, nabaki darasani. Nikianguka hata moja, siwezi kufundisha tena. "Kwako ni kitu kidogo," akasema. "Si hizo mashine ni zako?"

Hivyo, nikiwa na miaka arobaini na kitu, nilivua viatu mlangoni kwangu mwenyewe nikaketi pamoja na watoto niliowafundisha kushika kipanya. Gesare naye alikuwemo, mtu mzima sasa, amerudi baada ya kukaa nyumbani miaka mingi kwa kukosa karo. Waliniita Mwalimu asubuhi na, nikikosea ubaoni mchana, waliniita Buda, yaani mzee.

Uhasibu nilifundishwa na Madam Kerubo. Huyu ndiye mtu pekee katika chuo kile ambaye namkumbuka na kukosa cha kusema. Alikuwa mama wa makamo wa Sironga, mkavu, Msabato wa kuzaliwa, mwenye kalamu mbili tu za rangi mbili. Nilimchosha. Sikuelewa kwa nini kitu kimoja kiandikwe mara mbili, debiti upande huu na krediti upande ule. Nilimwambia naona kama ni kusema uongo kwa bidii. Hakucheka. Alichukua kikombe changu cha chai akakihamisha kutoka mkono wangu wa kushoto hadi wa kulia.

"Kimeingia wapi?"

"Kulia."

"Kimetoka wapi?"

"Kushoto."

"Ukiandika ya kulia peke yake, mtu atafikiri una vikombe viwili. Hakuna kitu kinaingia mahali bila kutoka mahali. Andika zote mbili, hata kama hupendi moja."

Tangu hapo sikusumbuka na urari wa hesabu. Ukikataa kulingana, nilitafuta kikombe.

Uchumi wa taifa ulifundishwa na Odhiambo, kijana wa upande wa ziwa aliyepanga chumba nyuma ya posta. Wanafunzi walimchokoza kwamba anafundisha bei ya samaki tu, naye akawajibu kwamba wao wanajua pato la taifa kwa mikungu ya ndizi. Alitueleza mfumuko wa bei vizuri, ingawa hapo kila mmoja wetu angeweza kumfundisha. Kilichobaki kwangu ni pato la taifa: yale yote yanayozalishwa na kuuzwa katika nchi. Nilimuuliza kazi anayofanya mtu bila kulipwa, kama kuwasha jenereta saa ambayo si ya kazi, inaingia wapi. Odhiambo alifikiri kidogo, akasema haiingii. Nikaandika hivyo, na mtihani ulipouliza, nikapata alama.

Somo la kuandika programu ndilo nililoogopa. Mwalimu alikuja kutoka mji wa Kisii mara mbili kwa wiki, kijana mwenye shahada na subira, na haraka niligundua kwamba nilikuwa nafanya vitu nisivyojua majina yake. Aliposema jina, nilitikisa kichwa, halafu nikaenda kumuuliza Gesare. Alinisaidia bila kunidharau. Alisema tu, "Mwalimu, hiyo ni ile ya kikapu." Mara nyingi ilikuwa ni ile ya kikapu.

Ratiba ilipotoka, mtihani wa vitendo wa somo hilo ulikuwa Jumamosi asubuhi. Kwa msomaji asiyejua upande ule, nieleze. Nusu ya Nyamira ni Wasabato, na Msabato hafanyi kazi wala mtihani tangu jua la Ijumaa litue hadi jua la Jumamosi litue. Kwa hiyo huwa kuna desturi. Wale wengine wakifanya mtihani asubuhi, Wasabato hufungiwa chumba kimoja kabla karatasi haijafunguliwa, bila simu, wakiwa na mwangalizi, na hawatoki wala kuongea na mtu wa nje mpaka jua litue. Kisha wanaandika karatasi ileile. Anayetoka katika chumba hicho amejiondoa mtihanini. Sheria hiyo kila mtu anaijua tangu shule ya msingi.

Mimi si Msabato. Nyumbani ni Waanglikana, na mimi mwenyewe sikuwa chochote cha kujivunia. Lakini mashine nzima hazikutosha, kundi la asubuhi lilijaa, na Bwana Morara akaandika jina langu kwa Wasabato. "Fundi, hiyo siku utakuwa Msabato," akasema. Na kwa kuwa mtahiniwa hawezi kuwa fundi wa mtihani wake mwenyewe, aliagiza fundi mwingine kutoka Kisii aangalie mitambo. Nilimwambia Alhamisi amwonyeshe yule mtu jenereta. Akasema ameshamwonyesha.

Tulifungiwa chumba cha taipu, mwangalizi wetu akiwa Madam Kerubo. Wenzangu walikuwa wamekuja na chakula kilichopikwa Ijumaa: ugali wa wimbi katika hotipoti, mboga ya chinsaga iliyolala usiku kucha ikapoteza uchungu, ndizi mbivu. Mimi nilikuja na mkate. Walinicheka, wakanipakulia. Asubuhi waliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini ili wasisumbue wanaoandika upande wa pili wa ukuta, na kuna nyimbo ambazo mpaka leo nazisikia hivyo tu, kama zinaimbwa ndani ya blanketi.

Mchana uchovu ukaleta mzaha. Gesare akaniuliza, "Mwalimu, kwani umeokoka?"

"Mpaka jioni."

"Amri ya nne inasemaje?"

"Inasema fundi asiguse waya."

Hata Madam Kerubo alificha mdomo. Niliwahi kupita sehemu nyingi katika nchi hii, na siku niliyojisikia mwenyeji zaidi ni ile niliyofungiwa chumbani na watu wa dini isiyo yangu.

Kundi la asubuhi lilimaliza, likatawanyika. Mvua ikaanza alasiri kama kawaida yake. Radi moja ilipiga karibu sana, taa ikazimika, na hapo ikazuka hoja nyingine, kwa sababu wingu lilikuwa zito na upande wa vilima vya Manga hauonekani: jua limeingia ama ni wingu? Mzee wa kanisa alikuwa amewapa karatasi yenye saa za machweo, lakini saa ya ukutani ilikuwa ya stima na ilisimama pamoja na stima. Madam akatazama saa yake ya mkononi, akasema bado kidogo.

Ndipo nikaisikia jenereta. Mtu aliivuta kamba kwa nguvu, mara moja. Nikafumba macho. Akaivuta tena. Nilijua bila kuona kwamba hewa haijafunguliwa, kwamba mafuta yanalowesha, kwamba akivuta mara mbili nyingine haitawaka tena usiku ule. Msimamizi wa mtihani, mgeni aliyetumwa kutoka nje, alikuwa ameshasema asubuhi kwamba stima ikikosekana jioni karatasi zinarudi zilikotoka. Chumba kizima kilikuwa kimesikia. Kwa wengine ingekuwa kungoja mwaka mwingine na karo nyingine. Kwangu hapakuwa na mwaka mwingine.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Morara, tai imelowa.

"Fundi, jenereta imekataa. Yule wa Kisii alishaenda na gari ya mchana. Kuja kidogo."

Madam Kerubo alisimama kati yetu. "Bwana Morara, huyu ni mtahiniwa. Amefungiwa."

"Madam, kama stima hakuna, mtihani hakuna. Hawa wote wataenda nyumbani bure. Mimi nitaongea na msimamizi. Hiyo ni juu yangu."

"Basi mlete msimamizi hapa aseme mwenyewe."

"Neno langu halitoshi?"

Alinitazama mimi, si Madam. Huko nje kamba ikavutwa tena, na mashine ikakohoa kile kikohozi cha mwisho kabla haijalowa kabisa. Nilisimama. Madam Kerubo akaniambia polepole, kwa sauti aliyofundishia urari:

"Ukitoka, umetoka."

Gesare alikuwa amekunja mikono mapajani na kutazama sakafu. Nilivaa viatu.

Nyuma ya maabara nilimkuta mlinzi ameshika kamba kama anavuta ng'ombe. Nilifungua hewa, nikakausha plagi kwa shati langu, nikaiacha ikauke huku mvua ikipiga bati. Kando ya tangi la maji alikuwa amejikinga kijana mmoja wa kundi la asubuhi. Aliponiona akanijia, "Mwalimu, pole na mvua," akanyoosha mkono. Kule hupiti mtu unayemjua kama unapita nguzo. Ni tusi, na nilikuwa nimeishi pale kiasi cha kutofikiri. Niliupokea mkono, nikamuuliza habari ya mama yake aliyekuwa akiugua. Akasema anaendelea. Basi. Nikaweka goti kwenye tangi, nikavuta ya kweli, na madirisha yote ya maabara yakawaka. Kwenye moja alikuwa amesimama msimamizi, akinitazama.

Jua lilipotua kwa saa ya Madam, tuliingia tukaandika. Hakuna aliyenizuia. Swali kubwa lilikuwa la kurudia kazi mpaka sharti fulani litimie, na usisahau kitakachotokea likikosa kutimia. Ilikuwa ile ya kikapu. Niliandika kwa raha ambayo sijaipata tena, jenereta ikinguruma nyuma yangu.

Matokeo yalikuja muhula ukielekea mwisho. Uhasibu nilipita. Uchumi wa taifa nilipita. Kwenye somo la tatu hapakuwa na alama, palikuwa na neno moja: limefutwa. Mtahiniwa alitoka chumbani alimofungiwa na kuonekana akizungumza na aliyeshafanya mtihani.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mkuu. Nilitarajia aseme yale aliyosema mlangoni. Bwana Morara alirekebisha tai yake, akasema kwa upole wake uleule, "Mimi nilimwomba ushauri tu. Kutoka, ni yeye alitoka." Na ukitazama vizuri, hakudanganya. Nilitoka kwa miguu yangu. Odhiambo, aliyekuwepo kama mwakilishi wa walimu, alikohoa akatazama dirishani. Nimewasamehe watu wengi kwa makosa makubwa zaidi, lakini kile kikohozi bado.

Nilimfuata Madam Kerubo Sironga, nikamkuta akianika wimbi. Nilimuuliza aliandika nini katika taarifa yake ya uangalizi. Hakuacha kutandaza.

"Niliandika ulitoka. Niliandika na aliyekuita. Zote mbili."

"Na wao?"

"Wao waliuliza kitu kimoja. Mtahiniwa alitoka ama hakutoka." Akapangusa mikono. "Uliingia kwa jenereta, ukatoka kwa mtihani. Nilikuonyesha na kikombe."

Nilitamani angedanganya. Nasema hivyo wazi, maana nyinyi vijana mtasikia watu wakisifu ukweli, na hamtaambiwa unavyouma ukiwa umeandikwa vizuri, pande zote mbili, na hausaidii kitu. Aliniletea maziwa ya kibuyu, nikanywa, tukaongea habari ya mvua.

Bwana Morara hakunifukuza. Alinipa kazi. Alisema ningeweza kubaki chuoni kuangalia jenereta, na kwamba chuo hakiwezi kumsahau mtu wa siku nyingi kama mimi. Darasa angelishika Gesare, ambaye alipita yote matatu, kwa alama nzuri, katika stima ile. Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri kutoka ofisini hadi ngazini.

Siku ya kuondoka nilifagia maabara, nikasugua vibao vyote kwa kifutio, hata vya mashine ambazo hazikulia. Gesare alikuja kupokea ufunguo. Alikuwa amevua viatu mlangoni, mkuu wa maabara mzima amesimama na soksi. Alitaka kusema jambo na likamshinda, akaishia kuuliza, "Mwalimu, na ile ya nyuma, inawashwa aje?"

Nilikuwa nimeapa kutomwonyesha mtu tena. Nilitaka radi ipige na wavute kamba hadi mikono iwachubuke. Lakini aliuliza yeye. Nikampeleka nyuma, nikamwonyesha hewa nusu, mvuto wa kwanza na wa pili usiotarajia kitu, goti kwenye tangi. Akarudia mwenyewe mpaka akaiwasha. Tukasimama pale tukipiga kelele kushinda kelele yake.

"Kuna sharti moja limebaki," nikamwambia.

"Gani?"

"Ikiwa siku moja unangoja mtihani wako mwenyewe na stima ipotee, kaa chini."

Alicheka, kisha akaona sicheki.

Nilimwachia bisibisi na kiboko cha jiwe. Nikabeba sanduku langu hadi kituo cha magari ya Keroka. Alasiri ilikuwa imeingia, wingu limekaa juu ya chai kama desturi. Nikiwa nimesimama pale, radi ikapiga, na duka baada ya duka taa zikazimika mpaka upande wa chuo. Nikasubiri. Kamba ikavutwa, mara moja, kwa nguvu. Hakuwa Gesare, alikuwa ameshakwenda kwao kula. Ikavutwa tena. Kisha nikasikia sauti ninayoijua, kutoka juu ya ngazi, ikiita katika mvua, "Fundi! Fundi!"

Miguu yangu ilikuwa imeshageuka.

Nikaweka sanduku chini, nikakaa juu yake, mpaka gari la Keroka likaja.